Eda ya Mwanakheri

Jumatano, 4 Juni 2003

Uroa leo. Hoteli ya ufukweni, wafanyakazi sitini na kitu. Meneja wao, Bwana Mkadam, kaniandikia mada ubaoni kwa herufi kubwa: SOTE NI FAMILIA MOJA. Familia gani! Nimeingia ukumbini nikawakuta wamejipanga mafungu mafungu. Watumbatu kushoto, watu wa Bara kulia, Wakenya wa mapokezi mbele, na vijana wa Uroa wenyewe wamesimama mlangoni, maana wanaona hoteli imejengwa kwao lakini kazi wamepewa wageni. Chakula hawali pamoja. Mwezi uliopita wamegombana kwa ajili ya sufuria.

Karatasi yangu nikaiweka pembeni. Nikawauliza: wali ukiisha, ukoko kwenu anakula nani? Weee! Watumbatu wakasema wa watoto, mtu mzima kuugombania ni aibu. Mpishi wa Bara akasema haki ya mpishi, asiguse mtu. Msichana mmoja wa mapokezi akasema kwao sufuria inarowekwa maji tu. Ukumbi mzima ukamzomea, kushoto na kulia kwa sauti moja! Tumecheka nusu saa. Kumbe watu hupatana haraka wakipata wa kumzomea. Hilo sikulisema kwenye maikrofoni.

Halafu Mkadam akaniomba ile hadithi yangu. Anajua inawaliza. Basi nikawapa: mume wangu Ammar, kipigo cha miaka minane, Ijumaa ile alipokwenda msikitini, nami nikachukua mkoba, nikavaa buibui. "Nikatoka kwa miguu yangu, nikakaa eda yangu kwa amani, na leo mnaniona." Makofi. Nikamalizia kama nnavyomalizia siku zote: nyumba yangu iko Kiponda, mlango wa buluu, mwanamke yeyote mwenye shida na abishe hodi. Miaka mitano nasema hivyo. Hajabisha mtu.

Mmoja wa wale wa usafi wa vyumba hakupiga makofi. Kakaa nyuma na taulo mapajani, anazikunja huku ananitazama. Kanitazama mpaka nikageuza macho. Mgongo unaniuma, barabara ile mbovu.

Jumatatu, 9 Juni

Skuli ya Jang'ombe. Wasichana ishirini na wawili "walioshindikana." Ndivyo alivyowaita mwalimu wao, tena mbele yao. Nimesomesha miaka kumi na sita kabla sijaanza kazi hii ya kuzungumza, na mtoto aliyeshindikana sijamwona bado. Nimeona waliochokwa.

Walikuwa wazuri. Wananitania kwa Kiarabu changu — Mwarabu wa Kiponda asiyejua zaidi ya Alhamdu! Nikawaambia bibi yangu alikijua kwa niaba yetu sote.

Lakini yupo mmoja, Shaima, kafukuzwa mara mbili, ana macho kama sindano. Baada ya hadithi kanyanyua mkono. Kasema: Bi Hamda, mwaka jana ulikuja darasani kwa dada yangu ukasema ulitoka asubuhi, mume kaenda kazini. Leo Ijumaa, kaenda msikitini. Ipi?

Wenzake wakacheka. Nikasema: mwanangu, mtu akipigwa sana siku humchanganyikia. Walimu wakatikisa vichwa kwa huruma. Shaima hakutikisa. Akakaa kitako, akatazama dirishani, kama aliyezoea kudanganywa na wakubwa.

Nimetumia kipigo changu kumnyamazisha mtoto aliyesema kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Hodi asubuhi, nshamaliza chai. Mlangoni mwanamke na begi la hoteli. Yule wa taulo!

Anaitwa Mwanakheri. Mtu wa Tumbatu, kaolewa Mkokotoni, miaka ishirini na sita. Kasema: "Shikamoo, Bi Hamda. Ulisema mlango wa buluu. Nimebisha mitatu ya buluu kabla ya huu." Nikamtia ndani, nikampa chai, hakunywa.

Mumewe Usi, fundi seremala. Mwanakheri hulala hoteli wiki mbili, kisha hurudi nyumbani siku tatu, na zile siku tatu ndizo za kuulizwa hoteli imekufundisha nini, nani kakuchekea, mbona kitenge kipya. Kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto hakikunjiki tangu Usi alipokivunja. Anakunja taulo za wageni kwa vidole vinne.

Nimempa chumba cha nyuma. Maneno ya jukwaani yamekuja na begi!

Ijumaa, 13 Juni

Kalala hadi saa tatu. Kafua mashuka yangu yote bila kuombwa. Nnampenda tayari, Mungu anisitiri.

Jumapili, 15 Juni

Nilidhani anamwogopa Usi, ndiyo maana hatoki. Muuza maji akipiga kelele chini, hataki hata kuchungulia. Leo nikamwambia twende Darajani tukanunue kitambaa, abadilishe nguo. Akasema: "Siwezi, Bi Hamda. Nimo edani."

"Eda gani, mwanangu? Kwani kakuacha?"

"Hajaniacha. Nimetoka. Si wewe ulisema ulitoka, ukakaa eda yako? Nnahesabu tangu Jumatano."

Nikakaa juu ya kitanda chake. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua eda inafuata talaka. Mtu hajaachwa, atakaa eda ya nini? Miaka mitano nasimulia, mbele ya walimu, mbele ya masheha, mbele ya wanawake waliohitimu msahafu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wao walisikiliza pale panapoliza. Huyu alisikiliza kama mtu anavyosikiliza dawa: vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku. Na kwa kuwa mimi ni mwanamke wa mjini niliyesoma, hakutaka kunitilia shaka.

Nilipaswa kumwambia hapohapo. Nikasema nakwenda kutazama chungu jikoni. Hakukuwa na chungu.

Jumatatu, 16 Juni

Mkadam kapiga simu. Mwanakheri hajaripoti, zamu zake zinafanywa na wenziwe, nao ndio waliomwambia yuko kwangu; atamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Kanisifu sana: tangu nilipokwenda wanakula meza moja, na wanabishana ukoko kila siku. Kaniuliza kama naweza kurudi Agosti. Nikasema tutaona.

Jumanne, 17 Juni

Reem kaja na mikate ya ufuta. Dada yake Ammar, wifi yangu wa zamani, na rafiki aliyebaki. Kamwona Mwanakheri, kamsalimu, kauliza mambo mawili matatu kwa upole wake ule. Mwanakheri akamjibu yote, na eda yake pia.

Reem akanivuta jikoni. Hakupandisha sauti, bora angepandisha.

"Hamda, umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mgeni. Mimi ndiye niliyekuletea ile karatasi. Mimi ndiye niliyekushika usianguke."

Nikamwambia mbona miaka yote hii anajua ninachosimulia na hajasema. Akasema: "Nlidhani unajistiri. Mtu kujistiri si dhambi. Lakini sasa stara yako kaivaa mwenzio, na haimtoshi."

Kaondoka bila kahawa. Nimekasirika naye mchana kutwa. Kumkasirikia Reem ni rahisi.

Jumatano, 18 Juni

Hadithi ile nshaisimulia kote, humu sijaiandika hata mara moja. Basi leo.

Sikutoka. Niliachwa.

Mwezi wa Novemba 1993 Ammar aliniandikia talaka moja na kumpa dada yake aniletee. Hakuja mwenyewe. Reem kaja macho chini, karatasi kaikunja ndogo kama ya duka la dawa. Nilikuwa kwa mama, nimekwenda kuuguza bega, maana mara ile alinivunja mtulinga. Sababu ya kuniacha haikuandikwa. Baadaye nikasikia anaoa.

Na nilivyolia! Si kwa furaha. Nililia kwa kuachwa. Nikasema nimekosa nini, mimi, mwenye mkono umefungwa kitambaa shingoni.

Talaka moja ina rejea. Mume akitaka, kabla eda haijaisha, anakurudia kwa neno moja tu, bila ndoa mpya. Basi mimi eda nzima nilimngoja. Kila Alhamisi nilifukiza nguo zangu udi. Asumini kichwani. Nilikaa dirishani nikisikiliza hatua za watu kichochoroni, hatua zake nazijua, anaburura kidogo kiatu cha kulia. Mara mbili nilimtuma Reem: mwambie nimekosa, mwambie anirudie. Nimemtuma mama yake pia, bi mkubwa wa watu na magoti yake mabovu. Siku ya mwisho ya eda nilipika biriani. Ya watu wawili.

Hakuja. Ndivyo nilivyookoka. Si kwa ujasiri wangu, kwa uvivu wake wa kupanda ngazi.

Angekuja ningerudi. Ningekuwa nshakufa labda.

Uongo ulizaliwa mwaka 1998, semina ya kwanza. Mwezeshaji, mama wa kigeni, mzuri, mwenye kuelewa, kaniuliza mbele ya wanawake ishirini: na wewe, Hamda, ulichukua hatua gani? Wote wananitazama, na wengine wana alama usoni. Ningewaambia nini? Nilichukua hatua ya kufukiza nguo? Nikasema: nikatoka. Likawa tamu mdomoni. Wakapiga makofi, mmoja akanikumbatia. Tangu siku ile nimetoka mara mia na zaidi, kila ukumbi, na kila nikitoka najiona mrefu kidogo. Nimejipendekeza kwa hadithi yangu mwenyewe mpaka nikaiamini.

Sitaki kusema yote yalikuwa bure. Wapo waliolia wakapoa. Lakini huyu yuko chumba cha nyuma, anahesabu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwambia. Nusu.

Nimemwambia eda haijaanza, hakuna eda bila talaka, na hajafungwa popote, atoke, aende kazini. Nikamwambia lipo la kufanya: kwa Kadhi, tupeleke madai ya kudhuriwa, tuonyeshe kidole, tutafute cheti cha hospitali ya siku ile.

Kanisikiliza. Uso wake umekuwa mdogo.

"Kwa hivyo mimi bado mke wa Usi."

"Bado."

"Siku nane hizi zote."

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

"Si kosa lako, Bi Hamda. Mimi sikusikia vizuri." Nilitaka ardhi inimeze! Kisha akauliza: "Na wewe, ulikwenda kwa Kadhi?"

Nikasema: yangu yalikuwa mambo marefu.

Mwoga. Mwoga mwenye maikrofoni.

Jumamosi, 21 Juni

Wamekuja. Mzee Jaku, ami yake Usi, na wazee wawili wa Mkokotoni, kofia zimepigwa pasi, wamevua viatu ngazini. Nyumba inayomhifadhi mke wa mtu haiwezi kuwafungia mlango watu wa mume wakija kwa heri. Nikawakaribisha, nikatoa kahawa na halua. Mwanakheri nyuma ya pazia.

Nilijiandaa kumchukia Mzee Jaku, nikashindwa. Kauliza hali ya mtoto kwanza. Kuhusu kidole kasema anajua, na aliposema alitazama mkeka. Usi yuko pale kona kwenye baraza, hana uso wa kupanda. Anajuta, anasema hatorudia. Wote husema, nikamwambia. Mzee Jaku kasema: "Kweli, Bi. Wote husema."

Kisha akatoa shauri lao. Kesho baada ya alasiri watarudi, na Usi. Akikubali kurudi, watamchukua kwa heshima na wao wazee watakuwa dhamana. Asipotaka, hatovutwa mkono. "Lakini tumsikie yeye. Tunataka neno litoke kinywani mwake, si kinywani mwa nyumba. Wewe, Bi Hamda, sifa zako tumezisikia, unajua kusema. Kesho utuachie yeye aseme." Nikakubali. Ningekataaje?

Walipoondoka Mwanakheri akatoka nyuma ya pazia. Hakulia. Kasema tangu azaliwe hajawahi kumwambia mwanamume hapana, uso kwa uso. Baba alimwozesha, akanyamaza, na kunyamaza kwa mwari ndiyo ridhaa. Hoteli nako akaandikiwa na mjomba. Hata kwa Usi hakuaga, katoka Usi akiwa kenda kazini.

"Kesho n'taka niseme. Lakini kwanza nisimulie tena. Si kama ulivyosema Uroa. Polepole. Mwanzo kabisa ulimwambiaje? Neno la kwanza lilikuwa lipi? N'taka nilishike."

Nikamwambia nimechoka, kesho asubuhi.

Jumapili, 22 Juni

Saa nne asubuhi. Nshamwambia yote.

Tulikuwa tunachambua mchele. Nimemwambia karatasi, udi, asumini, biriani. Nimemwambia nilivyomtuma Reem. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo, pale kwenye mwezeshaji, nikajikatiza. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Kwa hivyo neno hakuna."

"Hakuna. Sikulisema mimi."

"Umenitoa nyumbani kwangu, Bi Hamda." Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nimekutoa."

"Na wale wote wanaopiga makofi?"

"Sijui, mwanangu. Sijui walikwenda wakafanya nini."

Akaondoa punje mbovu, akaitupa, akaondoa nyingine. Nikamwambia: ukirudi leo na Usi sitakuona mdogo, mimi ningerudi. Ukikataa, kesho asubuhi tutakwenda wote kwa Kadhi, na huko mimi pia sijawahi kufika, tutajifunza pamoja. Na chumba ni chako vyovyote. Kamaliza mchele wote, kauosha, kaubandika, kisha kaingia chumbani akafunga mlango.

Reem kapiga simu. Nikamwambia: nimemwambia. Akasema: "Pole, wifi." Nimelia hapo kwenye simu, na yeye akabaki ananisikiliza bila kukata.

Saa sita. Bado kafunga. Chakula chake nimekiacha mlangoni.

Saa tisa. Sahani imeingia ndani. Haijatoka.

Saa kumi na nusu. Wamo ukumbini. Mzee Jaku, wale wawili, na Usi. Nilimtarajia mtu mkubwa. Ni kijana mwembamba, kanzu imepigwa pasi, kakaa kwenye ncha ya kiti, macho mekundu. Kaninyanyukia, kanipa shikamoo vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba angeweza kuwa mwanangu. Ammar naye alikuwa na adabu njema mbele za watu.

Nnaandika jikoni, daftari juu ya gunia la mkaa. Lazima mikono ifanye kitu, na kahawa haijachemka.

Mwanakheri kaja hapa sasa hivi, kashavaa buibui lake. Nikadhani ndiyo anaondoka nao. Nikasimama. Nikamwambia twende basi, nitakaa ubavuni kwako.

"Hapana. Wewe kaa huku."

"Peke yako?"

"Wewe hukutoka, Bi Hamda."

"Sikutoka."

"Wala hukusema."

"Sikusema."

"Basi ukiwepo n'takutazama wewe, nami nshajua huna la kunipa." Kisha akanishika mkono kidogo, kwa kile kidole kisichokunjika na vyote. "Usilie. Kahawa watakunywa."

Kapita. Pazia linatikisika. Nimesikia anawaamkia, wameitikia wote pamoja. Mzee Jaku kasema: haya, mwanangu, tunakusikiliza, sema bila khofu. Sasa kimya. Miaka mitano nimewaambia watu wapaze sauti, na leo nimebana pumzi hapa kama mwizi. Usi kakohoa. Sasa anasema — ni yeye, lakini sauti ndogo, maneno hayafiki huku. Mzee Jaku anamwambia, ongeza sauti mwanangu, hatukusikii.

Anaongeza —